Ruhusa ya Nyuma ya Pazia

Habari ya kazi ilinifikia kwenye simu nikiwa nimelala chini ya lori la mchanga, gereji kwetu Kawempe, Kampala, mafuta machafu yakinidondokea shingoni. Kampuni moja ya mabasi huko Limerick, Ayalandi, ilikuwa imekubali kunichukua niwe fundi wao. Nilitoka chini ya lori nikasoma tena, nikarudia. Wenzangu wakauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, kuna kazi. Wakacheka, wakasema kwa sura ile walikuwa wameshaanza kutafuta mchango.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa anamenya matoke na hakuacha kumenya.

"Nimefurahi, Baba. Kweli nimefurahi," alisema. Kisha akaweka kisu chini. "Lakini mimi na mtoto hatutoki hapa mpaka mama aseme ndiyo. Wewe ukitaka kutangulia, tangulia. Ila usije ukanilaumu kama sikufuata."

Shida yote ilikuwa hapo. Mke wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa mama yake. Kaka zake walishazikwa. Mama anaishi peke yake Lubaga, chini kidogo ya kanisa kuu, na magoti yameanza kumsumbua. Mimi sikuogopa baridi wala Kiingereza cha watu wale. Niliogopa kufika kule nikawa mume wa kwenye simu, halafu polepole nisiwe mume kabisa. Nimewaona wanaume wa namna hiyo. Wanatuma pesa, wanasifiwa kanisani, na watoto wao wakiwataja wanasema "yule".

Nilipima jambo lile, Mungu ndiye shahidi. Kuna ndugu mmoja niliyeimba naye kwaya, ambaye ameshakaa Limerick muda, akawa ananitumia sauti kwenye simu. "Mji wenyewe mdogo," alisema. "Ukiuchukua ukauweka hapo Kawempe, utautafuta ulipo." Alisema Dublin, mji mkuu wao, kodi ya nyumba inameza mshahara mzima, kule kwake angalau inakuachia mifupa. Nyumba za kupanga ni shida kweli, nisidanganyike, yeye mwenyewe alilala kwa watu muda mrefu kabla hajapata yake. Na mvua! "Mvua ya huku haina adabu. Haipigi ikaondoka kama ya kwetu. Inakaa kama mgeni asiye na nauli." Lakini alisema pia kwamba saa kumi na moja jioni ananawa mikono, anaenda nyumbani kwa miguu, na hakuna mtu wa kumpigia simu kwamba lori limekwama Luwero. Hilo la mwisho lilinikaa kichwani kuliko mengine yote.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, lakini mbachao wangu mimi umetoboka. Mwenye kiwanja cha gereji anataka kujenga maduka. Mgongo wangu unalia kila nikiinuka. Na mimi si mwenyeji wa hapa hata hivyo. Ni Mtaita, nilikuja Kampala na lori bovu la tajiri wangu wa Mombasa. Nikasubiri kipuri, nikapata mke kabla ya kipuri. Kuhama nakujua. Najua kwamba mtu hahami mara moja. Anahama kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo, maana mtu wa kwetu Voi atashangaa kwa nini sikwenda tu nikaongea na mama mkwe tukayamaliza. Kwa Waganda, mume wa binti na mama wa binti hawagusani, hawapeani mikono, hawakai wakatazamana. Wanasema ukivunja mwiko ule, uzeeni mikono itatetemeka mpaka ushindwe kushika kikombe. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Mke wangu hakucheka, nami nikaacha. Basi tangu nioe, nikienda Lubaga nakaa kwenye benchi barazani, mama mkwe anakaa ndani nyuma ya pazia, na mke wangu anatembea katikati yetu kama tarishi. Sauti ya mama naijua vizuri. Sura yake, nikikutana naye sokoni, sina uhakika.

"Muulize mkwe, kazi inaendaje?" mama anasema ndani, kwa Kiganda.

Mke wangu anakuja mlangoni. "Mama anauliza kazi inaendaje."

Nimeshasikia! Pazia si ukuta! Lakini nasubiri nifikishiwe, ndipo najibu, na yeye anasubiri afikishiwe jibu ambalo amelisikia. Zamani niliona ni upuuzi mtupu. Siku hizi naona una faida yake, kwa sababu neno kali likipita kwa mtu wa tatu hupoa kidogo njiani.

Kwa hiyo tulikwenda Jumapili, baada ya misa, na mke wangu akapiga magoti mbele ya mama yake akamweleza habari yote ya Limerick. Mimi barazani nilikuwa nimetega sikio mpaka shingo inauma.

"Mwambie ale kwanza," mama akasema.

Nikaletewa kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, na mchuzi wake. Nikala. Nikasubiri. Ikaja habari kwamba atafikiri.

Jumapili iliyofuata tulirudi. Akauliza kama kule kuna makanisa ya Kikatoliki. Nikasema Mama, mapadri wengine waliokuja huku walitoka kule. Akasema atafikiri. Tukarudi tena. Akauliza wanakula nini. Nikasema viazi. "Mwambie viazi ni kitoweo, si chakula." Tukarudi tena. Akauliza nani atamsuka mjukuu nywele, na hilo lilikuwa swali zuri, nikampigia yule ndugu wa kwaya, akasema yupo dada mmoja wa Nigeria. Nikapeleka jibu. Akasema atafikiri.

Kule kampuni nao walikuwa wameanza kuuliza kwa adabu, ile adabu ya watu ambao uvumilivu unawaishia. Wakanipa mpaka Ijumaa. Nikaenda Lubaga Jumapili ile nikiwa nimeiva kwa hasira, na mama mkwe, baada ya chakula, akauliza kupitia kwa binti yake kama ng'ombe wa kule wana pembe ndefu kama za Ankole.

Jamani, nilishindwa kujizuia. Sikungoja nifikishiwe.

"Mama!" nilipaza sauti kuelekea kwenye pazia, kwa Kiswahili, maana nikikasirika Kiganda hunikimbia. "Nakuheshimu, Mungu anajua. Lakini habari ya pembe leo, hapana! Ijumaa hii watu wanataka neno. Sema ndiyo au sema hapana, tujue moja!"

Mke wangu alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Binti yetu aliyekuwa akicheza uani aliacha mpira akanitazama. Jirani alipunguza redio, na najua hakuipunguza kwa kutuheshimu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na benchi langu.

Kisha mama mkwe akajibu mwenyewe, na alijibu kwa Kiswahili. Marehemu mume wake alikuwa polisi, na mama aliijifunza lugha hii kambini, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameikataza nyumbani mwake. Alisema ni lugha ya watu wanaogonga milango kwa teke. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja.

"Mkwe," alisema. "Mbele mulikuwa nakuja hapa mara moja kwa mwezi. Wakati ingine mwezi inapita. Saa hii munakuja kila Jumapili, na mutoto munaleta, na tunakula. Mimi nikijibu, mutakuja tena?"

Nilikaa pale na hasira yangu ikakosa pa kuegemea. Niliona aibu, halafu huruma. Kumbe tulikuwa tukimpelekea swali, na yeye alikuwa akipokea wageni.

"Jibu ni ndiyo," akaendelea, sauti imara kabisa. "Ilikuwa ndiyo siku ya kwanza. Wewe nenda, kisha chukua mke yako na mutoto. Mutu haachi mke nyumbani kama godoro. Mimi sitaki kuona mutoto yangu anakaa kungoja simu. Mimi nilikaa kungoja mwanaume ya polisi miaka mingi. Najua hiyo kazi."

Mke wangu aliingia ndani na pazia likaanguka nyuma yake. Nikawasikia wote wawili wakilia, mama na binti, na mmoja wao akicheka katikati ya kulia, sijui nani. Mimi nilibaki barazani. Nilitaka sana kuingia nikamshike yule mama mkono, nikashindwa, si kwa kuogopa kutetemeka uzeeni, ila kwa sababu heshima ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimempa miaka yote na sikutaka kumnyang'anya siku ile. Binti yetu akaja akakaa kwenye benchi karibu yangu, akauliza kama bibi anaumwa. Nikamwambia haumwi.

Ijumaa niliwajibu watu wa Limerick. Niliwaambia nakuja, ila baada ya Pasaka, na kwamba mke wangu na mtoto watanifuata mara tu nyumba na vibali vikipatikana. Yule ndugu wa kwaya alifurahi mpaka akaimba kwenye simu. Mke wangu alianza kupanga vitu, hiki tutauza, hiki tutamwachia mama, akipanga na kupangua, na usiku akilala ameshika mkono wangu kwa nguvu kama mtu anayevuka barabara.

Jumapili iliyofuata hatukuulizana kama tutakwenda. Tulitoka misa, tukanunua mkate na sukari, tukaenda Lubaga. Mimi nikakaa barazani. Nilisikia miguu ya mama ikijikokota ndani, kiti kikivutwa. Halafu akasema jambo kwa Kiganda, polepole.

Mke wangu akaja mlangoni. Macho yalikuwa yamejaa, lakini alilifikisha.

"Mama anauliza, leo mmekuja kuuliza nini?"

"Mwambie hatuna swali," nikasema. "Tumekuja tu."