Vidole vya Morshed Nosrat

Kwetu Kashan, mpiga ngoma wa nyumba ya nguvu, ukumbi wa mazoezi ya jadi, huitwa Morshed, na hata mwenye jengo humwamkia yeye kwanza. Morshed Nosrat alikalia kile kiti cha juu miaka thelathini na moja, ngoma ya udongo pajani, akitupigia sisi tuliojifua chini kwenye shimo la mazoezi kila alfajiri. Mimi, mwoka mikate mwenye tumbo la mwoka mikate, ndiye niliyekuwa nikizunguka.

Kuzunguka ni kwenda kama pia ya watoto, mikono umeinyoosha, mpaka kuta zipotee. Watu hudhani ngoma humwongoza mzungukaji. Si kweli hata kidogo. Morshed huzitazama nyayo, na vidole vyake huzifuata. Ukiongeza mwendo, anakumwagia mvumo wa vidole kumi usio na mwanya, na kwa kuwa huoni kitu, mvumo huo ndio unaokushikilia.

Kisukari kilimwanza miguuni, kikapanda mikononi. Niligundua siku aliyokuja kununua mkate. Mikate yetu huokwa juu ya makokoto ya moto, na mnunuzi huyapukusa mwenyewe yaliyonata. Yeye alibandua kokoto la moto, akabaki amelifumbata huku akinisimulia habari za mkwewe.

"Morshed, unaungua," nikamwambia.

Akautazama mkono kama wa mtu mwingine, akalidondosha. "Usimwambie mtu, Yadollah."

"Sasa utapigaje na vidole vilivyokufa?"

"Kwa masikio. Wewe kanda unga wako."

"Na nikianguka?"

"Na tumbo hilo? Utadunda tu."

Tukacheka. Kicheko kile sijakisamehe mpaka leo, maana nilinyamaza mwaka mzima.

Makosa yakaanza kusikika. Haji Fattah, mwenye jengo, alikuwa ameshanunua spika ya kupigia ngoma iliyorekodiwa. Akamwambia mbele yetu sote, "Morshed wangu, ngoma ikiharibika mara moja tena, utapumzika nyumbani." Mzee akaitikia kwa adabu. Nje ya kiti kile hakuwa na kitu kingine cha kuamkia asubuhi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, na unyevu hulegeza ngozi ya ngoma. Dawa yake ni kuipasha moto kwenye jiko huku ukiipapasa kwa ncha za vidole. Vidole ndivyo vinavyokwambia imekaza, basi, itoe. Vya Morshed havikumwambia kitu. Akaogopa isije ikatoa sauti mbovu, akairudisha jikoni mara ya pili, kisha ya tatu. Nilimwona. Nilikuwa nikifunga kikoi changu cha mazoezi, nikajisemea mzee anajua kazi yake.

Ngoma ililia vizuri ajabu. Nikaingia katikati ya shimo, nikazunguka, nikaongeza, naye akanifuata hatua kwa hatua kama zamani, nikaamini amepona. Nilipofikia mwendo wa mwisho ngozi ikapasuka. Kimya. Sikujua chini ni wapi. Nikajibamiza kwenye ukingo wa shimo, mtulinga ukavunjika.

Haji Fattah hakupandisha sauti. "Nenda kapumzike, Morshed," alisema, na wiki iliyofuata spika ikawekwa kitini.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, mkono wangu ungali umefungwa shingoni. Nilitaka kuomba radhi. Mkewe, Bibi Batul, alileta chai kwenye sinia, kisha akaondoa vikombe. Morshed akalivuta sinia tupu likagusa goti lake.

"Zunguka kidogo," akasema.

"Morshed, na bega hili?"

"Polepole tu. Nataka kuona kama naweza bado."

Nikazunguka pale katikati ya zulia, mkono mmoja nje. Alinitazama nyayo bila kupepesa, na sinia likaanza kulia, mvumo ule ule, kamili. Kisha ukakatika. Vidole vyake vilikuwa vimeteleza nje ya sinia, vinapiga zulia. Alisikia kimya lakini hakujua kimetoka wapi, na hakutaka kuondoa macho kwenye nyayo zangu. Akaongeza nguvu. Vidole kumi vikipiga sufu ya zulia kwa nguvu zake zote, na mzee amekaza macho miguuni mwangu akisubiri sauti irudi. Bibi Batul akageukia ukutani. Sikuthubutu kusimama, nikaendelea kuzunguka.