Upande Wangu wa Kitabu

Wenye walikuwa mkekani siku ile ni baba yangu. Kaka zangu Byamungu na Bahati. Sifa, binti wa baba mdogo. Na mimi, mdogo wa wote. Halafu mkaguzi wa misheni. Jina lake ninalo mpaka leo, ila silitaji.

Nimemkumbuka asubuhi hii, hapa ugenini Anderlecht, sababu mkaguzi mwingine, wa serikali, amekuja kuona namna binti yangu anavyomfundisha mwanawe nyumbani. Aliweka kitabu mbele ya mtoto, na mimi ng'ambo ya meza nikausoma ukurasa wote, herufi zikiwa kichwa chini.

Baba naye alitufundisha nyumbani, kwa kitabu kimoja chenye harufu ya moshi na mawese. Wakubwa walikaa ubavuni mwake. Mimi nilikaa ng'ambo, kwa hiyo nilijua kusoma herufi zikiwa kichwa chini tu.

Mkaguzi alikuja kuchagua wa kuingia shule. Akanipa kitabu, nikakigeuza.

"We mutoto, unanichezea?" Akakigeuza tena. Herufi zikanipotea.

"Anasoma kama popo!" Bahati akacheka.

"Bon, huyu hajui kitu. Abakie jikoni na mama yake."

Baba alijua nilipokaa kila siku. Alitazama mkeka tu. Wenzangu wote wakaenda shule.

Sifa, wa mkeka ule umebaki wewe peke yako, kule Bukavu. Kama nimesahau, kama baba alisema hata neno moja, nitumie ujumbe wa sauti unisahihishe.