Mkono wa Kusimamisha Kazi

Mume wangu Theuri analipwa mshahara kwa kuwa msumbufu, kazi ambayo hapa nyumbani anaifanya bure.

Yuko kwenye mtambo wa kuchimba mafuta katikati ya bahari, mbali huko upande wa Waarabu. Watu wa Chaka, mji wetu wa soko, wakisikia mafuta hudhani anayachota kwa ndoo. Kazi yake hasa ni kusimama kwenye mlango wa tangi. Mafundi wakitaka kuingia ndani kuchomelea, yeye hushusha kidude cha kupima hewa, akisoma asiporidhika anawafukuza. Mtu akiwa ndani, Theuri habanduki mlangoni, hata mkojo umbane vipi. Na wana sheria moja huko ambayo aliipenda kuliko mshahara: mtu yeyote akiona hatari, awe mpishi au mfagiaji, anainua mkono juu, kiganja wazi, na kazi yote inasimama. Hakuna wa kumuuliza wewe ni nani.

Akija likizo huja na mambo mawili, usalama na gemu. Usalama ndio uliomfanya anitolee mtungi wa gesi jikoni akauweka nje ya ukuta, majirani wakanicheka. Kidude cha kupima hewa alijinunulia chake mwenyewe, na mara ya kwanza kukileta alikiweka nyuma ya pikapu ya baba yake ikinguruma, kikalia kama kifaranga, watoto wa jirani wakafurahi siku nzima. Siku hiyo hiyo aliwakusanya vibarua wa baba yake wachimba visima akawafundisha ule mkono. Mmoja wao, Mutahi, aliinua wake akauliza kama unaweza kusimamisha mahubiri ya Jumapili. Watiri, mkewe Mutahi, alicheka mpaka akaketi chini.

Gemu nayo ni ya wazima moto. Anavaa hedifoni, anakaa mbele ya televisheni na wenzake wa mtamboni, kila mmoja akiwa kwao, na pamoja wanaingia kwenye majumba yanayoungua kuokoa watu wasiokuwepo. Theuri ndiye kapteni. Nilikuwa namwambia kwamba mwanamume mwenye shamba na mtoto kama Ngendo wetu hawezi kushinda akizima moto wa televisheni. Alikuwa ananijibu kwamba wengine hushinda baa.

Sasa niseme ya kisima.

Huku kwetu Kieni maji ni shida, na baba mkwe wangu, Mzee Mathenge, aliamua shamba letu la vitunguu lichimbiwe kisima. Mutahi alikuwa akichimba chini, Simeon mwenzake akizungusha juu gogo linaloviringishiwa kamba. Walipofika penye maji, maji yakajaa haraka kuliko ndoo, na pampu ya petroli ikashindwa kuyavuta kutoka juu kwa vile kisima kilikuwa kirefu. Wakafanya wanavyofanya watu wengi huku. Walichonga kingo kama rafu kwenye ukuta wa kisima, wakaishusha pampu yenyewe ndani, ikanguruma humo mpaka maji yakapungua, kisha ikazimwa.

Kabla Mutahi hajashuka, Mzee aliwasha mshumaa, akauweka kwenye mkebe, akaushusha kwa kamba mpaka chini. Hivyo ndivyo wachimbaji wa zamani walivyopima hewa. Ukizimika, hushuki. Mshumaa ulirudi juu ukiwaka vizuri sana.

Theuri alikuwa ametoka ndani kuchukua chai. Nilimwona akisimama na kikombe.

"Baba, hiyo pampu ilikuwa inanguruma huko chini? Hiyo mshumaa haiwezi..."

"Theuri," Mzee akamkata, "hapa si kwa Waarabu. Mimi nimechimbisha visima ukiwa bado hujazaliwa. Ama utanifundisha pia kupanda waru?"

Vibarua wakacheka. Mutahi akacheka. Na Theuri, Mungu amsamehe, akacheka pia.

Alijua. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na mshumaa hauna habari nayo. Mshumaa unaweza kuwaka vizuri mahali mtu anapokufa. Hilo ndilo analofundisha wageni mtamboni siku yao ya kwanza. Kidude chake kilikuwa kwenye droo ya meza ya televisheni. Mkono wake ulikuwa hapo begani kwake. Lakini kwetu kumwinulia baba yako kiganja mbele ya vibarua wake si jambo dogo, na hedifoni zilikuwa shingoni zikimkumbusha kwamba wenzake wamefika kwenye jumba linaloungua wanamngoja kapteni. Akarudi ndani, Mutahi akashuka.

Nilikuwa jikoni nikimenya viazi, hizo waru za Mzee. Nikamsikia kupitia dirishani akipiga kelele, sauti ya kazini kabisa: "Usiingie! Nani amekuambia uingie? Hujapima hewa! Toka mlangoni!"

Nikasema moyoni, huyu naye na moto wake. Mara Simeon akapiga yowe.

Theuri alitoka mbio, waya wa hedifoni ukimfuata. Alimkuta Simeon ameshika kamba tayari kuteremka, akamvuta kwa koti wakaanguka wote wawili. "Hakuna mtu anashuka!" Mutahi alikuwa amelala chini kwenye tope, lakini alikuwa amevaa mkanda wa kifuani ambao Theuri mwenyewe alimletea likizo iliyotangulia. Watu walikuwa wakimtania kwamba amefungwa kama punda. Ulikuwa umefungwa kwenye kamba ya gogo, basi wote wakalizungusha gogo na Mutahi akaja juu kichwa kikining'inia. Theuri akampulizia pumzi mdomoni bila kuchoka, mpaka akakohoa. Mzee Mathenge alikuwa amesimama na ule mkebe wa mshumaa mkononi. Hakuuweka chini mpaka gari la kwenda hospitali Nyeri lilipoondoka.

Mutahi alipona. Kila mtu alisema amepona. Anatembea, anakula, anajua watoto wake kwa majina. Ila mambo ya jana hayashiki. Daktari alisema sumu ile huacha alama kichwani, huenda zikafutika, huenda zisifutike. Kuchimba hachimbi tena. Watiri ndiye anayelima.

Wakatuletea kondoo wa shukrani. Watu wa Mutahi walijaa uwanjani kwetu na ndizi na uji, mchungaji akaomba, na Mzee Mathenge akasimama akasema huyu ni mwanangu, elimu ya baharini imeokoa mtu wa Kieni. Walimpigia Theuri makofi. Nyama aliishika mkononi mpaka ikapoa, kisha akampa mbwa akidhani sioni.

Ndipo aliponiambia kwamba alijua. Nilikasirika, sitasema uongo. Nilimwambia kwamba amekula mshahara wa kusimama mlangoni miaka yote hii, na mlango mmoja tu wa nyumbani kwake ukamshinda. Nikamwambia mwanamume mzima ameogopa kuchekwa.

"Mwambie Mutahi," nikasema.

"Nikimwambia nitakuwa nimemwanika Baba."

"Baba yako alikuwa hajui. Wewe ulikuwa unajua. Mwambie yako."

Tulienda pamoja. Mutahi alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe, Watiri kando yake. Theuri alisema yote akiwa amesimama, pampu, mshumaa, kicheko, gemu. Mutahi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaenda kucheza."

"Nikaenda kucheza."

Mutahi alisukuma ungo, maharagwe yakamwagika. "Toka kwangu," akasema. "Na huyo kondoo wetu... toka tu."

Njiani kurudi Theuri alilia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliona mabega yake yameshuka. Alikuwa amefukuzwa na alistahili kufukuzwa. Jioni hiyo alikula.

Siku ya soko tulikuwa Chaka kununua mbegu. Mtu akavuka barabara akija kwetu, uso wote umechangamka, akaishika mikono ya Theuri kwa mikono yake yote miwili.

"Baba Ngendo! Nimekutafuta sana. Ati mpaka leo sijakuambia asante. Ile mkanda yako, ndugu yangu, niko hai juu yako."

Theuri alinitazama. Kisha, hapo hapo kati ya mafungu ya kabeji, akaanza upya: pampu, mshumaa, kicheko. Safari hii Mutahi hakukasirika. Alikaa juu ya gunia akafunika uso, akauliza, "Kwa nini? Nilikuwa nimekukosea?" Watu wakaanza kusimama kutazama. Watiri akaja akamwinua akamwondoa.

Kesho yake Watiri alikuja kwangu, hakukubali hata chai. "Mama Ngendo, ambia bwana yako awache. Yeye akisema anaenda kulala. Mimi nabaki na huyu. Anasahau maneno lakini uchungu hasahau, anashinda akiniuliza analia nini. Kila mara ni kama ameambiwa mara ya kwanza. Mimi nimesikia, mimi sitasahau, inatosha."

Nilimpa ujumbe. Theuri aliupokea, akarudi baharini. Gemu hakuiacha, labda mlitarajia angeiacha. Anacheza, lakini ukapteni aliukataa, na hedifoni havai.

Likizo hii, Jumapili ya kwanza, tulitoka kanisani tukamkuta Mutahi getini amevaa koti lake zuri. Mzee Mathenge alikuwa nasi, na akajifanya anatafuta miwani.

"Baba Ngendo!" Mutahi alisema, akaishika mikono ile ile. "Mungu ni mkubwa. Ati sijawahi kukuambia asante, na ni wewe ulinitoa huko chini."

Nikamwona Theuri akivuta pumzi. Nilijua linalokuja. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nyuma ya bega la mumewe, Watiri akainua mkono juu, kiganja wazi.

Theuri aliutazama mkono ule. Akafunga mdomo. Mutahi bado alikuwa ameshika mikono yake akingoja, akitabasamu.

"Karibu, Mutahi," akasema.