Maji Yana Dawa

Hakuna chombo kilichotupwa Loisi akakiacha. Kopo, chupa, galoni lililopasuka ubavu, vyote vilipata kazi nyumbani kwake, nje kidogo ya Buigiri, na wenzake walimtania kwamba hata mfuniko usio na chupa angeutafutia mume. Alikuwa mfagiaji katika duka la dawa za mifugo, na tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Jumamosi moja Octavian, mwenye duka, alimkabidhi katoni mbili za dawa ya minyoo ya ng'ombe iliyokwisha muda wake. "Kachome shimoni, mama. Zote, pamoja na chupa zake."

Loisi akaitikia. Lakini chupa zilikuwa nzuri jamani, za lita moja moja, na alizeti yake ilikaribia kukamuliwa. Mafuta angeyatia wapi? Akazibeba mpaka lambo la kijiji, akaimwaga dawa ukingoni, akazisuuza kwa mchanga moja baada ya nyingine, akaenda zake akiimba wimbo wa kwaya.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama yake. Kabla ya kuteka maji, huzamisha kiganja, akazoa tope la chini na kulitazama. Tope la lambo lile lilijaa vijidudu vyekundu, vyembamba kama uzi, na konokono wasiozidi punje ya mtama. Vikichezacheza, huteka. Mama yake hakuwahi kumweleza sababu, naye hakuwahi kuuliza.

Siku ya tano hakuna kilichocheza. Akazoa tena, mbele kidogo. Konokono walikuwa magamba matupu, na vile vijidudu vimelala, vimepauka, havishtuki hata alipovigusa. Moyo ukamlipuka. Akazikumbuka zile chupa.

Alirudi nyumbani mbio, akachukua chupa mojawapo, akaifuta vumbi. Maandishi yalikuwa madogo: mnyama mwenye mimba changa asipewe. Aliyasoma mara tatu. Binti yake Ruthu, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Jioni ile alifungua mdomo aseme, hofu ikaufunga. Octavian angemfukuza kazi. Kijiji kingemwita mchawi aliyetilia watu sumu. Tena huenda anajitisha bure, lambo ni kubwa. Alilala macho makavu.

Asubuhi aliwakuta wanawake lamboni wamechangamka kama wako harusini.

"Mbukwenyi, Mama Ruthu!" jirani yake Priska alimsalimu kwa Kigogo. "Umeyaona maji? Hata kidudu kimoja hamna! Mimi nimeacha kuchuja."

"Msiyanywe," Loisi alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Maji yana dawa."

"Si ndicho ninachokwambia! Kila masika watu wa idara ya maji wanaahidi kututilia dawa, leo wametukumbuka. Mungu ashukuriwe."

"Priska, nisikilize. Yana dawa!"

"Amina!" wakaitikia wawili watatu, wakaangua kicheko.

Loisi alihisi baridi ikimpanda miguuni, jua nalo limeshachomoza. Alikuwa akiwaonya, wao wanasikia habari njema. Hapo Ruthu, aliyetangulia na ndoo yake, akachota kikombe na kukipeleka mdomoni.

Loisi alikipiga kikombe kikaruka.

"Dawa ya ng'ombe!" alipiga kelele. "Ya kuua minyoo! Nimeimwaga mimi, kwa mikono hii, kwa tamaa ya chupa!"

Kicheko kilikatika. Priska aliitazama ndoo yake, akaiinamisha taratibu, maji yakamwagika mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyemtukana Loisi, na hilo lilimtisha kuliko matusi.

Ruthu alikuwa ameshika tumbo. "Uliimwaga lini?"

"Jumamosi, mwanangu."

"Na kwamba yameharibika, umejua lini? Sasa hivi?"

Loisi angeweza kudanganya. Alimtazama mtoto wake.

"Jana," alisema. "Jana mchana."

Ruthu alikunja vidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta hesabu nyingine itakayotoa jibu tofauti.

"Jana jioni nilikunywa vikombe viwili, mama," alisema. "Ulikuwa umekaa mbele yangu."