Mwenyekiti Aliyezima Sauti za Watu

Wakati wa lockdown, chama chetu cha Waafrika wa mtaa wa Lidcombe, huku ughaibuni, kilikutana kwa video. Mimi, mwenyekiti kwa mwaka wa saba, nilikuwa nasomea historia mtandaoni, na kila kikao niliwachosha wenzangu kwa habari za wafalme wa Ufaransa.

Jumamosi moja wakadai uchaguzi. Nikasema tungoje korona iishe. Kelele zikazuka, nikazima sauti za wote, nikatangaza kamati ya chama imevunjwa.

Mama mmoja Mkongo, mfanyakazi wa ghala kule Seven Hills, akainua karatasi mbele ya kamera. Alikuwa ameandika kwa kalamu nene: 1830. Nikamfungulia sauti.

“Prezida, ni wewe ulitufundisha. Ule mfalme wa Ufaransa, mwaka huo, alikataa mageuzi, akafunga magazeti, akavunja bunge. Watu walimwondoa kwa siku ngapi?”

“Tatu,” nikajibu, kwa kupenda sifa za ualimu.

“Basi sisi tunakupa wiki.”

Wiki ilipoisha wakamchagua yeye. Mimi nikapewa ukatibu. Katika kumbukumbu za kikao nikaandika kwamba mwenyekiti wa zamani aliachia kiti kwa hiari. Mama akasoma, akavua miwani.

“Baba, andika ile ya kweli.”

Nikafuta “kwa hiari”.