Jani Refu la Kidau cha Wino

Nyinyi vijana mnaoandika kwa kidole kwenye kioo cha simu, kaeni kidogo mnisikilize. Fundi wetu wa shaba amefariki hapa Rumonge. Habari ilinifikia asubuhi, ukungu umelala juu ya ziwa, milima ya Kongo haionekani, nami nikabaki na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa. Sikulia. Nilisikia harufu ya ndimu, na ndimu nyumbani hazikuwepo.

Maana nilipokuwa mke mpya, kazi yangu ya kibarua ilikuwa kumsugulia fundi huyo shaba kwa majivu na ndimu. Shule niliipitia mlangoni tu, lakini kidau cha wino nakijua kuliko waliochovya kalamu ndani yake. Kile cha ofisi ya serikali kililetwa na Wazungu: kikombe cha kioo, mviringo kama yai, kimeshikwa huku na huku na nguzo mbili za shaba. Ukikisukuma kinageuka, mdomo unakuja mbele, unachovya kalamu. Ukikiachia kinarudi kuficha mdomo chini ya kifuniko, vumbi lisiingie. Juu ya kifuniko palikuwa na kichwa cha simba.

Uhuru ulipokaribia, fundi akaambiwa aondoe simba, aweke kitu chetu. Akachonga mikeke wa ziwa letu kuzunguka ukingo, kila samaki ameuma mkia wa mwenzake, na juu akalehemu ua la pamba lenye majani matano. Nikiwasugua wale samaki niliwaona wanaogelea. Mchana kutwa nilikuwa kama niko chini ya maji, sauti za sokoni zinanifikia kwa mbali. Ila jani moja fundi alilirefusha kwa madaha, likashuka mpaka karibu na kioo. Nikamwambia litakwama. Akajibu kwamba mwanamke wa ndimu asimfundishe maua. Siku ya kutia sahihi karatasi ya kwanza chini ya bendera mpya, mkubwa wa ofisi akasukuma, kidau kikakataa kugeuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Uhuru imekuja, wino imekataa." Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Fundi akaja na tupa, akalikata lile jani mbele yao, akalitia ndani ya kiberiti kitupu. Kwa miaka kumi hakutaka lizungumzwe.

Ikafika sabini na mbili. Mwaka ule sitausimulia wote. Wenye wafu wao wanaujua. Watu waliitwa kwa majina, na walioitwa hawakurudi. Asubuhi moja karani wa ofisi, rafiki wa mume wangu tangu utoto, aliingia karakana amekikumbatia kidau. Kalamu ya biki ilikuwa mfukoni mwake, nikaiona. Lakini mkubwa wake alikuwa mtu wa fahari: karatasi nzito, kama ile ya majina, haikupata sahihi yake kama haikuandikwa kwa wino wa kidau kile.

"Fundi," akasema, "ile jani refu ya uhuru, uko nayo bado?"

Fundi alimtazama sana, kisha akashusha kiberiti kutoka rafuni.

"Irudishe fasi yake." Halafu karani akanigeukia mimi. "Shemeji, mwambie ndugu yangu leo asile hapa chakula cha mchana."

Nikaelewa jina la mume wangu limo katika karatasi ya siku ile. Fundi akalehemu. Mimi nikapaka masizi kwenye kiungo, kionekane cha zamani. Kabla ya adhuhuri kidau kikarudishwa kimekwama, na karani akaeleza kwa sauti, askari asikie, kwamba kikilazimishwa kioo kitapasuka. Fundi akaitwa, akakimiminia mafuta ya mawese, akasema lazima yalale hadi kesho. Mume wangu akapanda mtumbwi wa wauza ndagala, yaani dagaa, mchana kweupe. Niliutazama mpaka ukawa punje, punje ikawa mwanga, kisha sikujua tena natazama mtumbwi au natazama maji.

Siwadanganyi. Kesho yake jani lilikatwa, kidau kikageuka, majina yakaandikwa. Juma lililofuata karani naye aliitwa. Ua halikuzuia kifo. Lilizuia siku moja. Ndani ya siku hiyo moja wamo wanangu watatu wa mwisho, waliozaliwa ng'ambo nilipomfuata baba yao.

Mimi niliwahi kumcheka fundi, kwamba urembo ni kazi ya bure, kitu kizuri ni kile kinachogeuka upesi. Nyinyi pia mnasema hivyo. Lakini kitu chepesi mno humtumikia yeyote anayekisukuma, wala hakimuulizi anaandika nini. Kuna siku fundi mzuri ni yule anayejua kitu kikwamie wapi.

Binti wa marehemu alinipa kiberiti kile matangani, jani limo ndani. Jana niliporudi nilikiweka juu ya kabati, nikawaambia watu wa nyumba yangu: kila Ijumaa jani hili lisuguliwe kwa majivu na ndimu, na anayelisugua asiharakishwe na mtu.