Gurudumu la Akiba na Mifuko ya Simenti

“Gari ikirudi, itatembea na nini?”

“Papa, gari waasi walienda nayo! Hii gurudumu inangoja nani?”

Mume na mke walikuwa wakibishana katika duka la mjomba wangu, hapa Ibanda. Tunauza vifaa vya ujenzi. Ninasaidia tangu vita vifunge shule yetu. Mama huyo alikuwa amelibingirisha gurudumu la akiba mwenyewe kutoka nyumbani. Barabara hazipitiki, simenti imekuwa ghali mno, naye alitaka kubadilishana. Garaji yao haina sakafu, na familia iliyokimbia vita kutoka Mumosho inalala humo na mtoto mchanga, juu ya udongo uliolowa.

“Ule mutoto iko anakohoa, papa. Hausikie?”

Mume alilipapasa gurudumu, kisha akalisukuma taratibu kwa mjomba. Akajitwika mfuko wa kwanza wa simenti begani, juu ya koti lake la ofisini. Sisi tunaosema vita vimetupokonya kila kitu, labda tuchungulie tena nyumbani.

“Ni ya sakafu ya garaji, papa?” mjomba aliuliza.

Mume akageuka mlangoni. “Hapana. Ni ya chumba ya wageni.”